Uzi: Kujifunza ufundi wa laini za umeme huku ukilipwa, kwa vijana wa Arusha na Moshi

Fundi Laini wa Moshi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, vijana wa hapa Moshi na wa Arusha hunijia na swali lilelile, na mara nyingi wazazi wao huja nyuma yao: mtu afanye nini ili awe fundi wa laini, yule anayepanda nguzo, anayevuta nyaya na kufunga transfoma, na anayetoka usiku kurudisha umeme pale mvua za masika zinapoangusha miti huko Kibosho na Machame? Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi na sasa ninasimamia kikosi, kwa hiyo nimeona nijibu hapa kwa kirefu ili jibu libaki mahali ambapo wengi watalikuta.

Ninachokiamini ni kwamba ufundi wa laini hujifunzwa kazini, chini ya fundi aliyekabidhiwa jukumu la kukufundisha, huku ukilipwa ujira, na yote hayo yawe yameandikwa katika mkataba. Huo ndio uanagenzi. Asipokuwepo fundi wa kukufundisha, wewe ni kibarua wa kubeba nguzo hata kama umevaa kofia ngumu. Usipolipwa, utaacha njiani, maana ni familia chache zinazoweza kumlisha kijana mzima kwa miaka mitatu au minne. Na kama hakuna mkataba, siku utakapoteleza ukadondoka hatapatikana mtu wa kukiri kwamba ulikuwa mfanyakazi wake.

Wengi huchanganya kazi hii na ufundi umeme wa majumbani. Fundi wa majumbani hushughulika na kilicho ndani, baada ya mita, na leseni yake huipata EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Fundi wa laini yuko upande wa pili. Umeme hufika kwenye vituo vya kupoza umeme, kama Njiro kwa Arusha na Kiyungi kwa Moshi, ukiwa katika msongo mkubwa wa kilovolti 132 au 220, kisha hushushwa hadi kilovolti 33 au 11 na kusambazwa mitaani na vijijini, na mwisho transfoma iliyoko juu ya nguzo huushusha hadi volti 400 kwa njia tatu au 230 kwa njia moja. Sehemu hiyo ya katikati, kuanzia kituoni hadi kwenye mita yako, ndiko fundi wa laini anakoishi. Cheti cha kufunga nyaya za nyumba ni msingi mzuri, lakini hakimpi mtu haki wala uwezo wa kugusa waya wa kilovolti 33.

Kwa nini nasisitiza kujifunza kazini? Chukueni jambo dogo kabisa, la kuikagua nguzo kabla ya kuipanda. Nguzo nyingi za kwetu ni za mikaratusi iliyotiwa dawa. Kwa juu inaweza kuonekana imara kabisa, lakini huwa inaoza pale inapokutana na udongo, kwa sababu hapo kuna unyevu na hewa kwa pamoja, na kwenye tambarare za Monduli na Longido mchwa nao hawalali. Kwa hiyo mwanagenzi hufundishwa kuizunguka nguzo yote akiigonga kwa nyundo kuanzia chini hadi pale mkono unapofika. Nguzo nzima hutoa mlio mkavu na nyundo huruka nyuma. Iliyooza ndani hutoa mlio mzito, na nyundo huhisi kama imezama kidogo. Baada ya hapo hufukua udongo kuzunguka shina na kuchoma kwa kitu chenye ncha. Kisha huangalia nyaya za stei, yaani zile zinazoivuta nguzo kutoka ardhini ili isimame, huangalia kama nguzo imeinama na inavutwa upande gani, na hujiuliza itakuwaje akikata waya ambao pengine ndio unaoishikilia isianguke. Ule mlio wa nyundo hauandikiki kwenye daftari. Unausikia mara nyingi, fundi akiwa pembeni anakuambia "rudia hapo", mpaka sikio lako lenyewe linakuwa kipimo.

Nchini Marekani, ambako mfumo huu umekomaa, mwanagenzi wa laini kwa kawaida hufanya takriban saa 7,000 za kazi chini ya mafundi, yaani kati ya miaka mitatu na nusu na minne, huku akihudhuria darasani kwa vipindi. Hulipwa tangu siku ya kwanza. Mara nyingi huanza na takriban asilimia 60 ya ujira wa fundi kamili, na kila anapokamilisha hatua fulani ya saa na kufaulu mitihani, asilimia hiyo hupanda. Lazima awe ametimiza miaka 18, afaulu mtihani wa hesabu, na kwa kawaida awe na leseni ya kuendesha magari makubwa, kwa sababu magari ya kikapu na ya kubeba nguzo ndiyo ofisi yake. Utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Chama cha mafundi umeme cha huko kiliundwa St. Louis mwaka 1891, wakati ambapo mafundi wa laini walikuwa wakifa kwa wingi na hakuna aliyewafundisha chochote. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, mwenyewe akiwa fundi wa laini, alikufa kazini mwaka 1896 baada ya kupigwa na umeme na kuanguka. Mafunzo ya lazima yalidaiwa na watu waliochoka kuzika wenzao.

Hapa kwetu hatuna mlango mmoja ulio wazi namna hiyo, lakini milango ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Moshi na Njiro, na cheti cha ufundi umeme ndicho ngazi ya kwanza ambayo waajiri wengi huiulizia. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, hufundisha umeme kwa ngazi za juu zaidi, na kina kituo cha Kikuletwa, wilayani Hai, ambako wanafunzi husoma mambo ya umeme wa maji. Ipo pia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, chini ya serikali, ambayo ndani yake kuna mafunzo ya uanagenzi kwa fani mbalimbali. Na wapo wakandarasi binafsi wanaojenga laini za miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini. Hao wakandarasi ndio wanaochukua vijana wengi zaidi, na ndiko mkataba unakokosekana mara nyingi, kwa hiyo ndiko ninakoomba kila kijana awe macho.

Karibuni maswali.

Kijana wa Usa River

Shikamoo fundi. Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nimemaliza VETA ngazi ya pili na nimekuwa na mkandarasi mmoja kwa muda sasa, nikilipwa kwa siku. Kazi yangu ni kuchimba mashimo na kubeba nguzo. Kila nikiomba kupanda naambiwa subiri. Je, kuchimba mashimo kunahesabika kama mafunzo, au ninapoteza muda wangu?

Fundi Laini wa Moshi

Marahaba kijana wangu. Kuchimba mashimo kunahesabika ikiwa kuna mtu anayekueleza kwa nini shimo lina kina hicho. Kanuni inayotumika sana ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo ukiongeza sentimita 60, kwa hiyo nguzo ya mita 10 huingia ardhini mita 1.6. Lakini kwenye udongo wa tifutifu, au kwenye kona ambapo laini inageuka, mambo hubadilika, na fundi anapaswa kukuonyesha hilo papo hapo huku shimo likiwa wazi. Duniani kote fundi wa laini huanzia chini. Marekani nako wapo wanaofanya kazi ya ardhini kabla hawajaruhusiwa kupanda, wakipeleka vifaa juu kwa kamba na puli, na humo ndimo wanamojifunza majina ya vifaa, mafundo ya kamba na jicho la kumwangalia mwenzao aliye juu.

Tatizo lako si shimo, bali kwamba hakuna aliyekuambia shimo linaishia wapi. Mwombe mwajiri wako, kwa heshima na kwa maandishi, akueleze hatua: ni lini utajifunza kupanda, nani atakufundisha, na utapimwa kwa kitu gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kwa hiyo si fadhila unayoomba. Akikataa kabisa, basi umeshapata jibu lako, na uanze kutafuta kwingine ukiwa bado na kipato.

Tena usiache kuandika. Nunua daftari gumu, na kila siku andika kazi iliyofanyika, msongo wa laini, mlichofunga na jina la fundi uliyekuwa naye, kisha umwombe atie sahihi. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti anapostahili, na mtu mwenye kumbukumbu za kazi zake hujieleza vizuri zaidi mbele ya wapimaji.

Mzazi wa Sakina

Habari za leo. Mwanangu ana miaka 17 na amemaliza kidato cha nne. Kuna mtu amenifuata hapa Sakina akisema anaweza kumwingiza moja kwa moja kwenye mafunzo ya kupanda nguzo yenye posho, lakini nitoe fedha kwanza. Amekuja na fomu zenye mhuri. Naomba ushauri kabla sijatoa chochote.

Fundi Laini wa Moshi

Mama, nakuomba usitoe hata shilingi. Mafunzo ya kulipwa maana yake ni kwamba fedha hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwanagenzi, na anayeigeuza njia hiyo anakuibia. Nafasi za taasisi za umma hutangazwa wazi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na haziuzwi. Ada halali ni ile ya chuo, na hiyo utailipa chuoni kwa utaratibu wao na kupewa risiti. Mhuri siku hizi unachongwa popote, kwa hiyo usikutishe. Vishoka, yaani matapeli wa namna hii, wameumiza familia nyingi, na kinachoniuma ni kwamba huwawinda wazazi walio tayari kuuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya mtoto.

Halafu kuna umri. Sheria zetu haziruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na kupanda nguzo za umeme ni kazi ya hatari kwa kila namna. Mwaka huu mmoja usiuone kama hasara. Mpeleke chuo asome ufundi umeme, asiziache hesabu, na kama uwezo upo ajifunze udereva atakapofikisha umri. Akifika miaka 18 akiwa na cheti cha awali na nidhamu, atakuwa mbele ya wengi.

Mkandarasi Njiro

Ndugu mwandishi, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na mengi, ila naomba nisemee upande wetu. Mimi nina kampuni ndogo. Nikimchukua kijana, nikamnunulia mkanda, buti, glavu na kofia, nikamweka chini ya fundi wangu mzuri ambaye kasi yake inapungua kwa sababu ya kufundisha, baada ya mwaka mmoja na nusu anachukuliwa na kampuni kubwa. Malipo ya mradi nayo huchelewa. Utaniambia nini mimi ninayebeba gharama hiyo?

Fundi Laini wa Moshi

Nashukuru kwa kusema wazi, kwa sababu hoja hii huwa inasemwa pembeni na hapa haifiki. Ni kweli gharama ipo, na sitakuambia kwamba haipo.

Lakini ujira wa mwanagenzi kuwa sehemu ya ujira wa fundi kamili, kisha kupanda kwa hatua, umewekwa kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. Katika miezi ya mwanzo unamlipa zaidi ya anachozalisha. Kuanzia katikati, anazalisha zaidi ya unachomlipa, na hapo ndipo unaporudisha fedha yako. Ukikata mafunzo katikati, au ukimwacha kijana kwenye mashimo kwa miaka miwili, hutafika kwenye kipindi hicho cha faida hata siku moja. Pia mkataba unaweza kuwa na kipengele kinachompa kijana nyongeza au vifaa vyake vya kazi anapokamilisha muda wote, na hilo humshikilia mtu kwa wema. Kinachowafukuza vijana, kwa nilivyoona, ni kutojua kesho yao zaidi kuliko shilingi za kampuni nyingine.

Na kuna jambo ambalo sina budi kulisema bila kupunguza ukali wake. Ukiwa na watu sita ambao hakuna aliyefundishwa sawasawa, ajali ni suala la muda tu. Msajili kila mmoja WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri na haukatwi kwenye mshahara wa kijana. Usajili wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao uwe hai. Mkandarasi asiyeweza kumudu hayo anapaswa kupunguza ukubwa wa kazi anayoiomba, asipunguze usalama wa watu wake.

Dada wa Majengo

Mimi ni msichana, nimesoma umeme na nilikuwa na nia ya kazi ya laini, lakini kila ninakokwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, naambiwa nikae ofisini nisome mita. Je, mwili wa mwanamke unaweza kazi hii? Na swali la pili: ni kitu gani hasa kinachoua mafundi, ili nijue ninachokiingia?

Fundi Laini wa Moshi

Dada yangu, unaweza. Kupanda nguzo ni mbinu ya miguu na mkanda zaidi kuliko nguvu za mikono. Anayejivuta kwa mikono huchoka kabla hajafika juu, awe mwanamume au mwanamke. Vitu vizito huinuliwa kwa puli na winchi. Omba fildi kwa barua inayotaja kikosi cha laini kwa jina, na mwombe mkufunzi wako chuoni aisaini, maana ombi la mdomo ni rahisi kulipuuza. Nawaomba na wasimamizi wenzangu wanaosoma hapa: kama hamjawahi kumpima, hamna msingi wa kusema hawezi.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika uzi huu, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Kuanguka kunaua, na umeme unaua, lakini kinachotangulia mara nyingi ni imani kwamba laini imezimwa. Kwetu kazi nyingi hufanyika laini ikiwa imezimwa, na vijana hudhani kuzima ndiyo usalama wenyewe. Kuzima ni hatua ya kwanza tu. Baada ya kuzima, laini hutenganishwa mahali panapoonekana kwa macho, swichi hufungwa kwa kufuli na kuwekwa kibao ili asitokee mtu wa kuiwasha, kisha waya hupimwa kwa kifaa cha kutambua umeme, na kifaa chenyewe hupimwa kwanza kama kinafanya kazi. Halafu huwekwa ethi, yaani nyaya zote huunganishwa pamoja na kupelekwa ardhini, pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi. Hapo ndipo kibali cha kazi kinakuwa na maana, na hapo ndipo mtu anapanda.

Kwa nini pande zote mbili? Kwa sababu ya majenereta. Arusha imejaa hoteli, maduka na nyumba zenye jenereta, na baadhi zimeunganishwa bila swichi ya kubadilishia inayoutenga umeme wa jenereta na ule wa mtaani. Umeme unapokatika, mtu huwasha jenereta lake, na umeme wake unatoka nje kupitia mita hadi kwenye transfoma. Transfoma hufanya kazi kwa pande zote mbili: ikipewa volti 400 upande wa chini, upande wa juu inatoa volti 11,000 au 33,000. Fundi aliye juu ya nguzo kilomita moja kutoka hapo, ambaye ameona kwa macho yake swichi ikifunguliwa, anaweza kuguswa na umeme uliotoka kwenye duka la mtu. Ethi ikiwepo, umeme huo huenda ardhini na fyuzi hukatika. Isipokuwepo, umeme unapita kwenye mwili wake. Radi iliyopiga mbali, au laini nyingine inayopita sambamba, nazo zinaweza kuleta umeme kwenye waya unaodhani umekufa.

Kwa hiyo mwanagenzi, hata wa mwezi wa kwanza, lazima awe na haki ya kuuliza "ethi iko wapi?" na kuonyeshwa, bila kufokewa. Nikitembelea kikosi kigeni, nawaangalia vijana wadogo. Wakiuliza kwa uhuru, najua hapo pana mafunzo.

Glavu za mpira nazo zina utaratibu wake. Kila siku kabla ya kuzivaa unazikunja kuanzia mdomoni ili hewa ijae kwenye vidole, unazisogeza karibu na shavu na sikio, na ukihisi hata upepo mdogo unaotoka, glavu hiyo haifai tena. Juu yake huvaliwa glavu za ngozi ili isichomwe na ncha za waya. Na kikosi kizima kijue kumshusha mwenzao aliyepoteza fahamu juu ya nguzo, kwa sababu ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache, na gari la wagonjwa haliwezi kufika Uru juu kwa muda huo. Zoezi hilo lifanywe kwa kupangwa, kwa mwanasesere mzito, mara kwa mara.

Kijana wa Usa River

Nashukuru sana fundi. La mwisho: nikipata mwajiri aliye tayari kuandika mkataba wa uanagenzi, nihakikishe una mambo gani?

Fundi Laini wa Moshi

Hakikisha umeandikwa muda wa mafunzo na ujira wa kila hatua, si ujira wa kuanzia peke yake, kwa sababu wengi huandika wa mwanzo na kuunyamazia unaofuata. Liwepo jina au cheo cha fundi anayewajibika kukufundisha, pamoja na orodha ya kazi utakazopimwa: kupanda na kushuka, kufunga vikombe vinavyoshikilia waya juu ya nguzo, kuvuta waya na kuukaza, kufunga transfoma na fyuzi zake, kuweka na kuondoa ethi, kuokoa mtu juu ya nguzo. Vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri, visikatwe kwenye malipo yako. Saa za kazi za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Hilo ni muhimu kwetu kwa sababu hitilafu za masika haziangalii saa. Namba ya uanachama wako wa hifadhi ya jamii ionekane, na usajili wa WCF uthibitishwe. Siku za kwenda chuoni zitajwe, na itajwe pia kama siku hizo unalipwa.

Soma yote ukiwa nyumbani, usisaini kwenye gari la kazi huku watu wanakusubiri. Ukishasaini, chukua nakala yako, na nakala nyingine mpe mzazi. Kama kuna kipengele hukielewi, kiandike hapa bila kutaja jina la kampuni, na mimi au mwingine mwenye uzoefu atakujibu.